Unalalamika Kama Nani?

Naitwa Mwangi. Simama pale stage ya Thika uite jina hilo kwa sauti, na watageuka makanga wawili, muuza miwa mmoja na mzee aliyekuwa anasoma gazeti. Ni jina la guka, baba yake baba, na kwa desturi yetu kijana wa kwanza hulipokea bila kuulizwa. Sikuwahi kulifikiria sana hadi Aprili 2021, nilipojua kwamba kampuni moja ya Marekani ilikuwa karibu kutoa kitabu chenye jina hilo kwenye jalada, na kwamba watu wa mbali, wasiojua Thika iko wapi, walikuwa wanakingoja kwa hamu kuliko mimi.

Kitabu kilikuwa The Mwangi Expanse. Kampuni ni Paizo, wenye mchezo uitwao Pathfinder.

Kama hujawahi kucheza, nikueleze kwa ufupi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na Pathfinder ni mtoto wa ukoo huo. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanya nini? Unasema unachofanya, kisha unarusha dadu ya pande ishirini kujua kama umefaulu. Hakuna mshindi. Kama ulilelewa na paukwa pakawa, nusu ya mchezo tayari unaijua, ila hapa msikilizaji anaruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kuiharibu. Vitabu vinavyouzwa ni vya kanuni, na vya nchi za kubuni ambamo hadithi inaweza kutokea.

Sisi tulikuwa watano. Tulikutana Jumapili kwangu Ruiru, bedsitter moja nyuma ya Kamakis, harufu ya nyama choma ya watu wengine ikiingia dirishani. Kulikuwa na mwalimu wa historia, muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku, mwanafunzi wa chuo kutoka Juja, mimi, na msimulizi wetu. Huyo nitamwita Fundi, kwa sababu alikuwa anatengeneza simu Makongeni, Thika, hadi corona ikamfungia kibanda. Alikuja kila Jumapili bila kukosa, na nilijua kwamba nauli wakati mwingine aliomba.

Mwanafunzi ndiye aliyeleta habari za kitabu. Tukakusanyika kwenye simu yake. Kwenye dunia ya Pathfinder kuna bara linaitwa Garund, na ndani yake eneo kubwa linaloitwa Mwangi, na wakazi wake wanaitwa Wamwangi. Moja ya makabila yao ni Zenj, na Zenj ni jina ambalo mabaharia wa Kiarabu walilitumia kwa pwani yetu, herufi moja tu imebadilishwa. Eneo hilo halikuwa jipya. Lilikuwa na kitabu kidogo tangu 2010, Heart of the Jungle, na jina lenyewe linakuambia waliliona vipi: msitu, magofu, hatari, na mgeni anayeingia kutafuta hazina. Sasa walikuwa wanaahidi kitabu kikubwa, kilichoandikwa upya na timu ya waandishi wengi, baadhi yao wenye asili ya Kiafrika.

Muuguzi alicheka hadi akatoa machozi. "Kwa hivyo wewe ni msitu?"

Mwalimu hakucheka. "Wamechukua jina la Mgikuyu, wakaongeza la Pwani, wakakoroga sufuria moja, wakaita Afrika."

Mwanafunzi alifurahi tu. "Si angalau tuko ndani?"

Mimi nilihisi vyote kwa pamoja. Nilifurahi kuona jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, kisha nikaona haya kwa furaha hiyo, kisha haya ikageuka hasira. Nikaanza kuhubiri. Wangeuliza. Wangemtafuta hata Mwangi mmoja. Niliongea vile hadi muuguzi akachoka.

"Na wewe unalalamika kama nani?" akaniuliza. "Kitabu hakijatoka. Na tangu tuanze kucheza hujanunua hata kimoja cha hao watu."

Ilikuwa inakaribia saa mbili. Wakati huo Kiambu, Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru zilikuwa zimefungwa kama zizi moja, na kafyu ilianza saa mbili usiku. Wote wakakimbilia stage. Mimi nikabaki na swali.

Nimekaa nalo miaka kadhaa sasa, na naona ni maswali mawili. La kwanza: ni haki kukasirikia au kufurahia kitu ambacho hakijatoka? La pili ndilo zito: hata kama ni haki, ni haki ya nani?

La kwanza nilidhani jibu lake ni rahisi. Subiri, soma, kisha sema. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, usihukumu kabla ya kusikia. Lakini Mkenya yeyote aliyekuwa na macho Juni 2024 anajua kwamba kuna vitu ambavyo ukisubiri vitoke, umechelewa. Mswada wa Fedha ulikuwa bado ni mswada. Haukuwa sheria. Watu waliusoma, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani, wengine hawakurudi. Tarehe 26 Juni rais akakataa kuutia sahihi. Katiba yetu ya 2010 inataka umma ushirikishwe kabla ya sheria kupitishwa, kwa sababu kabla ndio wakati ambapo maneno bado yanaweza kubadilika.

Najua kitabu cha mchezo si mswada. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya dadu, na kuviweka hivyo viwili kwenye mizani moja kungekuwa matusi. Mswada ukipita unakupata hata ukijificha, kitabu unaweza kukipita tu dukani. Nachukua jambo moja dogo: kusema mapema si upumbavu kwa sababu tu ni mapema. Inategemea kama unachosema bado kinaweza kufanya kazi.

Na hata kwenye michezo kimewahi kufanya. Tangu 2000 kulikuwa na leseni iliyowaruhusu watu wengine kutumia kanuni za Dungeons & Dragons na kuuza vitabu vyao. Pathfinder yenyewe ilizaliwa kwa leseni hiyo. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya, ngumu zaidi, ilivuja. Mashabiki hawakungoja itangazwe rasmi. Walikataa, na wengi wakasitisha malipo yao ya kila mwezi kwenye huduma ya mtandaoni ya mchezo huo. Kabla mwezi haujaisha, Wizards of the Coast, wenye mchezo, waliacha leseni ya zamani jinsi ilivyokuwa na wakaweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo hawawezi kuirudisha nyuma.

Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyeshinda. Kisha nikajiuliza nilishinda nini. Hao waliosikika walikuwa na malipo ya kusitisha. Huku kwetu nani alikuwa na malipo? Ukikataa kununua kitu ambacho tayari hungeweza kununua, hakuna anayesikia.

Ndipo nikaona kwamba muuguzi alikuwa ametaja jibu mojawapo la swali la pili: anayelipa ndiye mwenye haki ya kulalamika. Ni jibu ambalo watu wengi wanaliamini bila kulisema. Na lina ukweli ndani yake. Waandishi wa vitabu hivi mara nyingi hulipwa kwa neno, kama vibarua wanavyolipwa kwa kreti la mananasi. Anayenunua amewalisha. Mimi nisiyenunua nimewalisha nini?

Lakini lifuate jibu hilo hadi mwisho wake. Kitabu kipya cha wachezaji cha Dungeons & Dragons, kilichotoka Septemba 2024, kilikuwa dola 49.99. Hapa kwetu hiyo ni zaidi ya shilingi 6,000 kabla ya kusafirisha na ushuru, karibu kodi ya chumba cha mtu. Kama sauti inanunuliwa, basi mtu wa Seattle ana sauti kuhusu jina Mwangi, na Mwangi hana. Siwezi kukubali hilo, na sidhani hata muuguzi alikuwa analikubali. Bunge halikuulizi risiti ya KRA kabla ya kusikiliza maoni yako.

Jibu la pili ni lile nililokuwa nalihubiri Aprili ile: anayeandikwa ndiye mwenye haki. Jina ni langu, niulizeni. Watu wa Thika tuna sababu ya kulipenda jibu hilo. Mwaka 1959 Elspeth Huxley alitoa The Flame Trees of Thika, na 1981 ikawa tamthilia ya televisheni Uingereza, hivyo kuna wazee kule ng'ambo ambao kwao Thika ni utoto wa mtoto wa walowezi. Tumeshawahi kuwa mandhari ya hadithi ya mtu mwingine. Tunajua ladha yake.

Tatizo la jibu hili ni neno "langu". Mwangi si yangu. Ni ya guka, na kabla yake ilikuwa ya guka yake. Na kabla ya kuwa jina la mtu ilikuwa jina la rika zima: Wagikuyu wa zamani walipokezana uongozi kati ya rika la Mwangi na rika la Maina, ambalo wengine huliita Irungu, na makabidhiano hayo yaliitwa ituika. Jomo Kenyatta ameyaeleza katika Facing Mount Kenya, 1938. Jina ambalo kazi yake ilikuwa kupokewa na kuachiliwa, mimi nalifungia kabatini kama hatimiliki ya shamba?

Hata hivyo kulipokea jina si bure. Nilipoitwa Mwangi nilifungwa kwa guka. Cucu alipokuwa hai aliniita mume wangu, akacheka, na mimi nilijua kwamba siku ya kumpeleka hospitali zamu ni yangu. Ukibeba jina la mtu, unabeba na mzigo wa nyumba yake. Naona hapo ndipo malalamiko yangu yanapopata miguu. Kosa si kwamba mgeni ametumia jina. Kosa, kama lipo, ni kulitumia bila kujifunga kwa wenye jina kwa namna yoyote, kulichukua kama jiwe la njiani.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mawazo yangu, nikijiona mtu mwadilifu sana, wakati kitabu kilipotoka Julai. Siku chache baadaye, saa tano usiku, nakala ikatua kwenye grupu letu la WhatsApp. PDF nzima, kurasa zaidi ya mia tatu, iliyonakiliwa. Aliyeituma ni Fundi. Chini yake aliandika neno moja: "Mwangi!"

Nilijibu mbele ya watu wote. Niliandika kwamba huo ni wizi. Kwamba kuna waandishi weusi ambao hatimaye wamelipwa kutuandika vizuri, na sisi tunawaibia. Kwamba kama hatuwezi kununua basi tukae bila. Niliandika aya tatu, zenye alama za uandishi na kila kitu. Mwalimu akaweka kidole gumba. Fundi akaifuta ile PDF, na asubuhi tukakuta ametoka kwenye grupu.

Sikuandika kwamba kabla ya kutuma aya ya kwanza nilikuwa nimeshaishusha. Wala sikuandika kwamba nililala saa kumi alfajiri nikiisoma.

Jumapili iliyofuata tulikaa wanne bila msimulizi. Mwanafunzi akajaribu kusimulia, tukafika mtoni, daraja limevunjika, na hakuna aliyejua ng'ambo kuna nini. Wiki ya tatu tukaacha kukutana. Nilikuwa nimetetea heshima ya jina langu kwa watu ambao hawatanijua kamwe, na kwa kufanya hivyo nikamwaibisha mtu aliyekuwa anaomba nauli ili aje anisimulie hadithi.

Kuhusu nakala, bado naamini nilichoandika. Kazi ya mtu ni jasho lake hata kama yeye yuko Marekani na wewe uko Makongeni. Lakini kuna namna ya kusema ukweli ambayo ni uongo, na yangu ilikuwa hiyo: nilidai kwa Fundi uaminifu ambao sikuwa nao mwenyewe, na nikachagua kumdai hadharani kwa sababu hadharani ndipo nilipoonekana msafi.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa. Jumamosi iliyofuata nikapanda 237 pale Kimbo. Tulipopita Juja mvua ikaanza, na nikakaa nikifanya mazoezi ya maneno kama mtu anayeenda kuposa.

Mama yake ndiye aliyefungua. "Mwangi? Umepotea sana wewe." Nikamwambia nimepotea kweli, Mama, nisamehe. Akanikalisha, akaniletea chai, akaenda kumwita.

Nilimwambia Fundi yote, pamoja na saa kumi alfajiri. Alisikiliza akizungusha kikombe.

"Najua ulisoma," akasema. "Ulikuwa na tiki za bluu na ukanyamaza dakika arubaini. Hata wewe huwezi kuchukua dakika arubaini kuandika aya tatu."

Nikamuuliza mbona hakusema hivyo kwenye grupu.

"Ningesema niwe nani?" akajibu, na sikuwa na la kusema.

Kisha akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua. Kanuni za Pathfinder zote ziko mtandaoni bure, kwa ruhusa ya kampuni yenyewe, kwenye tovuti iitwayo Archives of Nethys. Ndizo alizokuwa akizitumia miaka yote hiyo kutuendeshea mchezo. Hakuhitaji kuiba chochote ili tucheze. "Ile PDF haikuwa ya mchezo," akasema. "Niliituma kwa sababu uliongea sana kuhusu jina lako. Nilidhani utafurahi kuona wamelifanyia nini."

Kwenye mathree ya kurudi nilirudia swali la muuguzi kwa mara ya mia, na nadhani niliona pale ninaposimama hadi leo. Haki ya kulalamika kuhusu kitabu kinachokuja hailipiwi kwa dola, wala huzaliwi nayo kwa sababu ya jina. Anayo yule aliye tayari kukaa na hicho kitu kikija: kukisoma kwa haki, kukubali pale alipokosea, kukitumia mezani na watu wake na kuona kinafanya nini kwao. Mtu huyo anaweza kuwa Seattle au Kiandutu. Anaweza kukasirika mapema, kwa sababu anajua ataishi na matokeo. Na anayepiga kelele kabla, kisha siku ya kusoma haonekani, alikuwa anatumia kitabu kujipamba, iwe ni kwa sifa au kwa lawama.

Kwa kipimo hicho mimi Aprili 2021 nilikuwa najipamba. Fundi, ambaye hakusema neno siku ile, alikuwa tayari anafikiria jinsi ya kuileta nchi hiyo kwenye meza yetu.

Desemba tulichanga kama chama, kila mtu alichoweza, na Fundi hakudaiwa kitu kwa sababu yeye analeta hadithi. Tukanunua PDF halali, ikaandikwa jina la muuguzi kwa kuwa kadi ilikuwa yake. Nilikisoma upya, mara hii mchana. Kuna shule ya uchawi humo, Magaambya, ambayo kwa hadithi yao ilianzishwa na Mzee Jatembe aliyerudisha elimu ya uchawi duniani baada ya enzi za giza. Dunia nzima inasomeshwa na watu weusi wa Mwangi. Nilikuwa nimekasirikia msitu, na waandishi wale walikuwa wamejenga chuo. Hapo nilikosea, na niliwaambia wenzangu hivyo mezani.

Kuhusu jina bado nina neno. Ningependa mahali fulani kwenye kurasa hizo zaidi ya mia tatu waseme kwamba kuna watu wanaitwa hivi, wako hai, na wengine wanangoja matatu Thika. Mwalimu ananiambia hiyo ni kiburi. Muuguzi anasema niwaandikie. Nilianza barua, nikaishia kwenye salamu.

Bado tunacheza, ingawa sasa ni mara moja kwa mwezi na mwanafunzi amepata kazi. Juzi kampuni nyingine imetangaza kitabu kingine, na grupu likawaka tena: huyu anakingoja, yule keshakilaani. Fundi amerudi kwenye grupu. Nilianza kuandika aya, nikaifuta, nikamuuliza yeye anaonaje.

"Tukione kwanza," akaandika. "Halafu Jumapili mje mapema. Lile daraja bado limevunjika."